Hai ya Bibi

Nilipoanza kumhudumia yule bibi wa Kijapani huko Rayners Lane, London, kila nikimuuliza kama anataka chai hunijibu, "Hai." Mimi Mzanzibari hai naijua ni mzima, basi nikawa namwitikia, "Alhamdulillahi, Bibi, na umri mrefu." Binti yake, anayeishi naye, alicheka mpaka akakaa chini. Kwao hai ni ndiyo.

Bibi akatusahihisha sote kwa Kiingereza chake cha taratibu. Siku hizo akili ilikuwa bado inamjia. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la mji wao, na wanaume wa barazani walimwagiza chai hata siku ya kikao. Wakimweleza jambo alisema hai, wakaondoka wakijua wamempata. Kwenye kura mkono wake hauinuki. "Hai ni nimekusikia," aliniambia. "Kukubali ni jambo jingine." Nilimpenda kuanzia hapo. Kwetu nami nimeitika abee nyingi huku moyo umegoma.

Kisha maneno yakaanza kumpotea, Kiingereza mwanzo, halafu na Kijapani. Ikabaki hai.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja asubuhi, mpole, koti hata hakulivua. Akamuuliza Bibi kama yuko radhi kuhamia nyumba ya wazee, Stratford, upande wa pili wa mji.

"Hai," alisema Bibi, akainamisha kichwa.

Afisa akamtazama binti. Binti akasema, "Amekubali."

Nilimfuata binti jikoni. "Mama yako hajakubali, na wewe unajua."

"Najua, sister." Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha takata. "Nimeisikia hai yake tangu utoto. Lakini silali, na kazini wamenichoka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mama yangu alifia Unguja mikononi mwa watu baki, mimi niko huku naosha mama za wenzangu. Inaniuma mpaka leo.

Siku ya kuhama Bibi alikataa sweta. Akanyoosha kidole kabatini mpaka nikamtolea suti nyeusi aliyokuwa akivaa barazani. Nilipomfunga vifungo uso ulimkunjuka, nikafahamu anadhani anakwenda wapi. Binti naye alifahamu, akageukia ukutani. Hatukumwambia kitu. Alitutangulia mlangoni, mbiombio, asije akachelewa kura.