Fundi Hilari Hakusilimu

Kwa miaka kumi na mmoja duka la Fundi Hilari pale Mlandege lilikuwa halifunguliwi Jumapili. Friji yako ikikufia Jumamosi jioni, samaki utamla wote au utamgawa kwa majirani, maana Hilari kesho yuko kanisani Mkunazini, na akitoka huko anakwenda kwao Mbweni. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, alipoinua mlango wa bati na kukaa na bisibisi yake, jirani yake Machano, fundi wa mafeni, aliangalia tarehe kwenye simu mara mbili.

"Leo Jumapili, au mimi nimepotelewa na siku?"

"Jumapili."

"Mbona huendi kanisani?"

"Nimeacha."

Machano aliweka feni chini. "Umeacha leo, au umeacha?"

"Nimeacha, Machano."

"Alhamdulillahi!" Machano alinyanyuka, akampa mkono, akamshika na bega. Hilari alifungua kinywa amweleze, lakini hapo hapo akaingia mteja na kompresa begani, na maelezo yakaahirishwa.

Machano hakuwa mjinga. Hapa Unguja Mkristo akisema ameacha kanisa, watu hujua amesilimu, na akisilimu hutafutwa mwanamke aliyemvuta. Njia ya tatu hakuna aliyewahi kumwona mtu anaipita.

Na kwa kweli Hilari mwenyewe asingeweza kuonyesha alipoianzia. Hakufiwa mwaka huo, hakugombana na padri, hakusoma kitabu kikamgeuza. Alikuwa msomaji wa somo la kwanza, na wazee wa kanisa waliipenda sauti yake. Lakini yeye ni fundi, na anajua friji inayovuja gesi haizimiki. Taa inawaka, mota inanguruma, mlango unafunga vizuri. Siku moja unatia mkono ndani unakuta maziwa yana joto la chumba. Ndivyo alivyojikuta asubuhi moja katikati ya sala. Alifunga zaidi, alisoma zaidi, alikwenda kuungama. Padri akamwambia avumilie, naye akavumilia miaka minne. Mwisho alikubali kwamba haamini kuwa Mungu yupo. Alipokubali hakusikia radi wala raha. Alisikia njaa, akaenda kula.

Kilichomchelewesha ni mdogo wake, Perpetua. Wazazi walipokufa Perpetua alikuwa na miaka tisa, na Hilari ndiye aliyemlea, akamsomesha ualimu, akamshika mkono kumpeleka kwa mumewe mbele ya altare. Halafu iko Mbweni yenyewe. Mama wa bibi yao aliletwa pale mdogo, ametolewa utumwani, hajui kwao wala jina la mama yake. Wamisheni wakamlea wakampa jina. Kwa ukoo wao kanisa si jengo la kuingia Jumapili. Ndiko walikoanzia kuwa ukoo.

Jumatano Mize, mke wa Machano, alituma kuuliza kama Hilari anapenda pilau ya kuku au ya nyama. Ijumaa Machano alikuja na mfuko, ndani mna kanzu na kofia.

"Na jina nshakuchagulia. Suhail. Usinambie hulitaki, nimelifikiria siku tatu."

"Machano, kaa kitako nikwambie jambo."

Hakuwahi kulisema. Perpetua alikuwa ameshafika barazani, mtoto mgongoni, jasho usoni. Habari zilikuwa zimefika Mbweni kabla ya kanzu kununuliwa.

"Shikamoo, Mzee Machano."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Suhail yumo ndani."

"Suhail nani?"

Hilari akatoka. Perpetua hakumwamkia.

"Kaka, ni kweli unasilimu?"

"Si kweli."

"Na huyo mwanamke wa Bwejuu wanayesema unamfuata?"

"Bwejuu kuna hoteli yenye friji tatu mbovu. Mwanamke simjui."

Perpetua alishusha pumzi, akakaa. Machano, upande wake, alianza kuukunja mfuko polepole.

"Basi nimekuja bure," alisema Perpetua. "Padri nshampa jina lako. Jumapili ya Pasaka unamsimamia Agatha ubatizo."

Hilari alimtazama mtoto, miezi minne, amelala mdomo wazi. Aliahidi kumsimamia tangu hajazaliwa.

"Sitaweza, Pepe. Padri ataniuliza mbele ya watu kama namwamini Mungu. Mimi siamini."

"Mungu wa kwetu humwamini. Unamwamini yupi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?" aliuliza Machano, ambaye hakuulizwa.

"Hata mmoja."

"Hebu ngoja. Wahindi wa duka la vitambaa wanao wengi. Nyie mnaye wenu, sie tunaye wetu. Wewe huna hata wa dawa?"

Hilari nusura acheke. Perpetua hakucheka.

"Ungesilimu ningelia," alimwambia kaka yake, "lakini ningejua uko wapi. Ningekuja Idi, ningekula kwako. Sasa nikutafute wapi?"

"Hapa hapa Mlandege."

"Usinifanyie mzaha. Ni neno moja, Kaka. Padri anauliza, unajibu 'Ninamwamini', tunakwenda kula. Nusu ya watu mule wanajibu huku wanafikiria wali."

"Wao wanaamini na wali wanaufikiria. Mimi ntakuwa nadanganya, tena nimembeba mtoto."

"Basi usije." Alimkaza mtoto mgongoni. "Na nyumbani usije."

Siku ya tatu Machano alirudi kwenye duka la nguo akaibadilisha kanzu kwa saizi yake mwenyewe.

"Imamu nilikuwa nshamwambia," alisema.

"Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekimbilia kununua." Alichomea waya, akauacha. "Ukifa nani atakuzika?"

"Wewe na Perpetua."

"Kwa dua gani?"

"Hiyo mtapatana wenyewe."

Machano akatikisa kichwa, akasema Mungu ana subira kubwa, akaendelea na feni yake.

Wiki tano Perpetua hakupokea simu. Chakula cha mchana cha Ijumaa, ambacho Hilari alikuwa akikila kwa mdogo wake tangu alipoolewa, alikila barazani kwenye karatasi. Kanisa hakulitamani. Alichokiogopa ni kwamba Agatha atakua akimjua yeye kama jina linalotajwa kwa sauti ndogo.

Siku ya Pasaka alivaa shati la mikono mirefu akaenda, bila kualikwa, akakaa benchi la mwisho. Mahali pake alisimama mwanakwaya mmoja, kijana mpole, amemshika mtoto kama anayeshika sahani ya watu. Padri akauliza: wamwamini Mungu Baba? Kanisa zima likajibu. Perpetua aligeuza shingo akamtafuta kaka yake juu ya vichwa vya watu, akamwona. Midomo ya Hilari ilikuwa imefungwa. Swali la pili aligeuka tena, na la tatu.

Baada ya misa Hilari alisimama nje kando ya ukuta. Alidhani mdogo wake atampita. Perpetua akaja moja kwa moja, mtoto mkononi, kofia ya kubatiziwa imekwenda upande.

"Nilikuwa nakutazama."

"Niliona."

"Hata kuchezesha mdomo umeshindwa."

"Nimeshindwa."

Perpetua aliiweka sawa kofia ya mtoto. "Akikua akakuuliza, utamwambia nini?"

"Akiniuliza ntamwambia kweli. Asiponiuliza, simwambii."

"Akiwa na miaka kumi na mitano. Si kabla."

"Kumi na miwili."

"Kumi na mitano, Kaka."

Hilari alifikiri. "Haya. Kumi na mitano."

"Na ubishi wako usiulete mezani kwangu siku za Ijumaa."

"Siuleti."

Mumewe aliita kutoka mlangoni; padri anasubiri sahihi kwenye kitabu. Perpetua alitazama mlangoni, akatazama mikono yake iliyojaa.

"Mshike mpwao, basi. Shingo iangalie, imelowa."

Hilari alimpokea. Mafuta ya ubatizo yalikuwa bado yanang'aa kwenye paji la uso. Hayo hakuyagusa. Alikunjua mkono wa shati lake, akamkausha maji nyuma ya shingo, akahamia naye upande wenye kivuli.