Neno la Mama Baada ya Chakula

Kwetu Werugha, huku mlimani, mgeni hapewi shida kabla hajapewa sahani. Hata aliyekuja kukudai ng'ombe atakula kwanza, kisha ndipo mtazamane. Mama yangu aliishika desturi hiyo kuliko Amri Kumi. Nadhani hata Malaika wa Mauti akibisha hodi pale kwake, atawekewa kimanga chetu cha maharagwe ya kuponda mezani na kuambiwa anawe mikono.

Kwa hiyo kilichotokea ukumbini mjini Voi ningekitabiri, kama ningekuwa na akili. Nilikuwa na cheti tu. Kidato cha nne nilikimaliza kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na tangu siku hiyo kijiji kizima kiliniona wakili. Serikali ilipotangaza kwamba inaandaa mpango wa wazee, maana wazee wanazidi kuongezeka na vijana wanazidi kuhamia Mombasa, mimi ndiye niliyeambiwa niwasindikize wazee wetu wakatoe maoni.

Mama alikuwa na oni moja. Dawa zake za presha zilipatikana hospitali ya chini tu. Zahanati yetu ya mlimani, ambayo iko karibu na nyumba yake kiasi kwamba jogoo wake huwika kule, ilikuwa na panadol na mizani ya kupimia watoto. Kila dawa zilipokwisha, yeye na magoti yake yaliyochoka walipaswa kuteremka hadi Voi. Alitaka dawa zipandishwe mlimani. Basi. Hakutaka shuka wala mkongojo. Alilifanyia mazoezi neno lake kwa Kiswahili huku akikama ng'ombe, mpaka nadhani ng'ombe naye angeweza kulisema.

Tuliletewa basi la shule. Kutoka Werugha kupitia Wundanyi na Mwatate lile basi lilipiga kona hadi figo zangu zikabadilishana nafasi. Mama alivaa sweta mbili kwa ajili ya ukungu wa kwetu, akafika nazo kwenye jua la Voi, jua ambalo lingeweza kuivisha githeri ndani ya kofia. Hakuvua hata moja. "Siwezi kwenda mbele ya serikali nusu uchi," alisema.

Mgeni wa heshima alichelewa. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, wakisinzia na kushtuka. Alipofika, alihutubia kwa kirefu juu ya heshima ya uzee, akawaita wazee hazina. Halafu afisa wa mipango, binti mmoja nadhifu mwenye tabuleti, akashuka na maikrofoni kuuliza maoni. Wa kwanza alikuwa mama.

"Shosho, ungependa serikali ikufanyie nini?"

Mama akasimama. Nikaona midomo yake ikianza lile neno. Kisha akamtazama yule binti vizuri, shavu hadi shavu.

"Mwanangu, umetoka mbali. Umekula?"

Ukumbi ukacheka.

"Bado, shosho, tutakula baadaye."

"Basi kula kwanza. Neno langu halina miguu, halitatoroka."

Makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Nilimvuta sweta. "Mama, sema sasa!" nikamnong'oneza. Akanipiga kofi la mkononi kama vile nimeiba sukari. "Wewe ulilelewa na nani? Mtu ana njaa, nimmwagie magonjwa?"

Maikrofoni ikaenda kwa mzee wa pili. Naye, angefanyaje? Mama amekwisha kufungua mlango wa adabu, atapita wapi yeye? "Mgeni ale kwanza." Wa tatu vivyo hivyo. Safu yetu yote ya mlimani ilisema mgeni ale. Binti akaandika kitu kwenye tabuleti, akatabasamu, akashukuru kwa ukarimu wetu.

Pilau ilipopakuliwa, simu ya mgeni wa heshima ikalia. Kulikuwa na mkutano mwingine Maungu. Sahani zao zilifungwa kwa foili, zikaingizwa garini, na magari yakaondoka kuelekea barabara kuu wakati wazee wetu bado wamepanga foleni ya kunawa mikono.

Mama alikula taratibu. Akapangusa midomo, akakaza kitambaa kichwani, akasimama. Jukwaani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kijana tu akikusanya viti. Mama akamwendea na kumwambia neno lote, toka mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili safi ambacho sijamsikia akikisema tena.

Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo. Kisha akasema, "Pole, mama. Mimi ni wa viti tu."

Mpango ulipopitishwa, chifu alitusomea barazani. Kutakuwa na kituo cha wazee mjini Voi, chenye njia ya viti vya magurudumu na sehemu ya kuchezea bao. Kuhusu milimani, ilionekana wazee wa huko wameridhika. Watu waligeuka kumtazama mama. Naye alitazama viatu vyake.

Zamani, wazee wetu walipokufa, mafuvu yao yalifukuliwa na kuhifadhiwa pangoni, mahali pakavu, na watu walipanda hadi kule kuwaeleza shida zao. Mfu alifuatwa mlimani. Mama yangu, aliye hai, aliambiwa ateremke.

Akaanza kukata vidonge katikati ili asiteremke mara kwa mara. Nilipogundua, alisema nusu inatosha mtu mdogo kama yeye. Asubuhi moja nilimkuta kwenye zizi, upande wake wa kushoto umepooza, ng'ombe akimlamba sikio. Alipona kiasi. Mdomo haukupona. Maneno yake sasa hutoka yamepondeka, na ni mimi na ng'ombe tu tunaoyaelewa.

Mwezi uliopita yule binti wa tabuleti alikuja nyumbani, amepanda mwenyewe, viatu vimejaa matope. Alikuwa anapita kuuliza wazee kama mpango umewafaa. Mama alipomwona, mkono wake mzima ulinyooka kuelekea jikoni. Nilijua maana yake. Kimanga kilikuwa tayari. Nilikileta hadi mlangoni, nikasimama nacho.

"Dada," nikasema, "hiki chakula ni chako, lakini hukili kabla hujasikia. Dawa za presha ziletwe zahanati ya juu. Hilo ndilo neno alilokuwa nalo siku ile. Andika."

Binti akaandika. Alisema atalifikisha, labda awamu ijayo, hawezi kuahidi. Angalau hakudanganya.

Nikaweka sahani mbele yake. Hakuweza kula. Aliaga akateremka, na simlaumu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amegeukia ukutani, amenipa mgongo. Nilipiga magoti karibu naye, naye akasema kitu kwa ule mdomo wake uliopinda. Nilikielewa vizuri sana.

"Umemfukuza mgeni na njaa."