Baba Alipopokea Isale

Kahawa ikichanua, harufu yake ni tamu mpaka inachosha pua, na kwetu, juu ya Tengeru, iliingia hadi vitandani. Mwaka ule haikuja. Ukame ulikuwa umekaza, na tumaini lilikuwa mfereji unaoshuka kutoka Mlima Meru, kila nyumba na zamu yake. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa Bwana Anaeli, mzee wa kanisa, mwepesi wa kucheka. Zamu yetu ilipofika, baba alikuta mfereji mkavu. Akaufuata kupanda juu, akakuta maji yamegeuzwa kwenye nyanya za mwenyekiti. Kahawa yetu ilipukutisha maua kabla hayajafunguka, na jirani zetu wa chini, upande wa Kikwe, hawakuvuna hata maharage ya kula. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilitushika mkono kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

Kampeni zilipoanza, Anaeli alitaka ubunge, na watu walisema huyo atafika hata uwaziri. Asubuhi moja alikuja kwetu peke yake, ameshika jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani. Kwa desturi yetu, mkosaji akikuletea jani hilo humkatalii. Ukilipokea umesamehe, na kosa lake hulitaji tena mpaka unaingia kaburini. Baba alilitazama muda mrefu, kisha akalipokea kwa mikono miwili. Mama alikuwa anachochea moto. Aligeuza uso, nami nikadhani ni moshi.

Wiki hiyohiyo tulikusanyika uwanjani kumsikiliza. Aliahidi barabara, zahanati na maji, naam, maji. Msimamizi akauliza kama kuna mwenye neno juu ya mgombea. Shingo zote zikamgeukia baba, maana kila mtu alijua nani alikuwa ameumizwa. Baba akainamisha kichwa, akanyamaza. Jirani mmoja akasema, "Kama Nderingo mwenyewe hana neno, sisi ni akina nani?" Yakaishia hapo. Nilikuwa binti mdogo, na niliona fahari kwamba baba yangu anaheshimiwa kiasi hicho.

Anaeli alipita. Kabla hajamaliza hata kipindi kimoja, chemchemi ya mfereji wetu ilizungushiwa uzio na kupewa wenye shamba kubwa la maua, naye ndiye aliyekata utepe. Tuling'oa kahawa, na baba akazeeka akinywa maji ya madumu. Wajukuu walipomuuliza mfereji umekaukia nini, aliwajibu kwamba mvua zimepungua. Alikufa hajamtaja mtu yule hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko kahawa yote tuliyoing'oa.

Siku hizi Anaeli anatajwa kwa nafasi kubwa kuliko zote nchini. Mabango yake yamejaa kuanzia Kisongo hadi Tengeru, na vijana wananiambia tumuunge mkono kwa kuwa ni mtu wetu. Wanapima sauti yake, elimu yake, na jinsi suti inavyomkaa. Sijasikia anayeuliza alifanya nini alipokuwa na mfereji mmoja tu mikononi. Mwezi uliopita wapambe wake walikuja nyumbani, wakamwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, wakamwomba apande jukwaani aseme kwamba familia ya marehemu inamwamini mgombea. Mama aliendelea kumenya ndizi.

"Mume wangu alimsamehe," akasema. "Hakusema anafaa."

Waliondoka bila kuaga. Nililia kama mtoto, kwa sababu maneno yalikuwa machache hivyo, na baba angeweza kuyasema siku ile uwanjani bila kuvunja ahadi yake.