Jina la Tano

Mwanangu, kabla hujaituma hiyo fomu, weka simu chini kwanza, nikumbuke siku moja mbele yako. Umeniambia umepata wanafunzi wanne na serikali inataka watano, ukacheka ukasema, "Bi, natia jina lolote tu, nani atajua?" Mimi sikucheka. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, katika nyumba hii hii, nikiwa na kichwa kigumu kuliko chako.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua chumba cha juu cha kushonea kofia. Serikali ilitoa fungu la kuwalipa wanafunzi watakaofanya kazi wakati wa likizo, na sharti lilikuwa wasipungue watano. Nilikuwa nao watano barabara. Asubuhi ya siku ya mwisho, mmoja babake akampeleka Mombasa. Nikabaki na wanne, na ofisi ilikuwa inafunga saa saba.

Sasa, kabatini mwangu mlikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Maimuna. Maimuna alikuwa binti wa pekee wa jirani yangu, Bi Zuhura, na alikuwa akinishonea kofia tangu darasa la saba. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na haya alikuwa nazo nyingi. Homa ilimchukua mwaka uliotangulia. Mamake alikaa miezi hatoki nje, chakula tunambembeleza ndipo ale, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuketi tena kwenye daka la mlangoni pake na kuzungumza na wapita njia. Mtaa mzima tulikuwa tukimchunga asirudi kule alikotoka.

Niliandika jina la Maimuna kwenye mstari wa tano. Unajua sisi hatumtaji aliyekufa bila kutanguliza marehemu. Hata tukiwa tunagombana hulitanguliza. Siku ile kalamu ilisita kidogo mbele ya jina. Nikaona nikiliandika neno lile fomu itakataliwa. Nikaliacha.

Wiki mbili baadaye afisa alikuja kuwahakiki wanafunzi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani. Wasichana wangu wanne walikuwa mkekani, kofia mapajani. Nilikuwa nimeshaupanga uongo wangu kwamba wa tano anaumwa. Akaita majina, mmoja mmoja wakaitika, hadi akafika la mwisho.

"Maimuna Ali."

"Abee."

Sauti ilitoka ngazini, nyuma ya mlango uliosindikwa. Ya chini, yenye haya. Afisa hakuinua hata macho. Aliweka alama, akasema, "Haya, watano," akaaga. Msichana mmoja alianza kulia bila sauti. Nilimfuata afisa hadi mlangoni. Ngazi nzima ilikuwa tupu, naye alipofika katikati alijibana ukutani, kama mtu anayempisha mwenzake, kisha akaendelea kushuka.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe fomu ilikuwa na nambari ya simu ya mzazi, na afisa yule alikuwa mtu wa kazi yake. Adhuhuri haijaadhiniwa, Bi Zuhura akaja mbio, mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana njiani bila buibui, siku ile amejitupia leso tu. Mkononi alishika sare ya shule iliyopigwa pasi.

"Nimekuya kumtukua mwanangu," alisema. "Bwana wa serikali amenambia yupo kwako. Amemwita, ameitika."

Aibu niliyoipata saa ile ninayo hadi leo. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulipomwandika, ulitanguliza marehemu?"

"La, Bi."

"Basi ulimwita." Akaketi ngazini, sare mapajani. "Na mimi ndiye nilomfunda, akiitwa mara moja aitike. Huko aliko ameinuka, ameshika ndia, kwa sababu yako."

Nikamwambia ninakwenda ofisini sasa hivi kulirekebisha jina. Akanishika mkono.

"Ngoja nimwite kwanda."

Akageuza uso kule juu ngazi inakoishia, akaita taratibu, kama mama anayetaka kumtuma mtoto dukani: "Maimuna!"

Mimi sikusikia kitu. Lakini yeye alitabasamu, mwanangu, machozi yanamtoka, akasema, "Si kitu, mama. Nalikuwa nakuita tu. Rudi ukalale."

Kisha akaikunja ile sare, akaniambia niende nikaandike.

Niliandika marehemu kwa mkono wangu, mbele ya afisa. Alilitazama neno lile, akaitazama alama aliyoiweka mwenyewe, akaniuliza ni nani basi aliyeitika. Maombi yakakataliwa, na wale wanne likizo ile walikaa bure kwa kosa langu. Bi Zuhura aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinisamehe, lakini ngazi hizi hakuzipanda tena.

Basi sikiliza. Ukiwa nao wanne, andika wanne, uwaeleze wakubwa kwa nini wamepungua. Wakikataa, utaomba tena mwakani. Fomu zipo kila mwaka. Usiazime jina la mtu asiyeweza kukukatalia. Na jina la aliyetangulia ukilazimika kuliandika popote, hata kwenye hiyo simu yako, lipe neno lake mbele, kwani kila mmoja wao ana mama aliyemfunda kuitika.

Mola akufungulie kheri, akupe kazi isiyo na kificho, na kila jina utakaloliita katika chumba hiki aitike mwenyewe, akiwa ameketi mkekani, mbele ya macho yako.