Kifuko cha Rimoti

Muuza vipuri ana mazoea ya kukipiga kikofi kila anachokiuza, kana kwamba bidhaa nayo lazima iikubali bei. Siku hiyo alikuwa akikipiga kifuko cheusi cha rimoti ya gari mbele ya mwalimu aliyekwisha kuibiwa gari moja. "Dada yangu, mwizi wa leo havunji kioo. Anasimama nje ya nyumba yako na kimashine, ananasa mawimbi ya rimoti iliyo ndani, gari linadhani umefika, linamfungukia. Ukiitia humu, halisikii kitu."

"Nionyeshe," mwalimu akasema.

Wakatoka hadi kwenye gari la muuzaji. Akalifunga gari, akaitumbukiza rimoti yake, akakibana kifuko, akakipiga kikofi. "Vuta mlango, kwa nguvu zako zote!"

Mwalimu akauvuta kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

Mafundi wa jirani wakaangua kicheko. Muuzaji akapapasa shati lake: rimoti ya akiba ya gari hilo, aliyorudishiwa na mkewe asubuhi, ilikuwa imetulia kifuani. Hakupepesa jicho. "Umejionea? Ndiyo maana nauza viwili viwili."

"Nipe kimoja," mwalimu akasema. "Hicho cha pili baki nacho, kaka. Wewe una shida kuliko mimi."