Kenke za La zarudia ukubwa wake

Saa kumi na mbili asubuhi, moshi umeshajaa uani kwa Naa Dedei Nortey, muuza kenke, matonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, wa mtaa wa La, Accra. Mdogo wake, Korkor, ameishikilia sufuria kwa matambara. Naa Dedei anasonga unga wa mahindi kwa mwiko mrefu. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, maana sufuria isiposhikwa huzunguka pamoja na mwiko.

"Shika vizuri, we Korkor! Bado unaota?"

"Songa, dada. Maneno hayaivishi kenke."

Mteja wa kwanza ni Mzee Okoe, mstaafu wa benki. Anapima tonge kiganjani na kucheka.

"Hii sasa ni kenke. Mwaka ule ulikuwa unatuuzia vidonge!"

Hasemi uongo. Serikali ilikopa hadi wakopeshaji wakaiogopa. Ikageukia benki kuu, pesa mpya zikamwagika sokoni na mahindi ni yaleyale. Bei zikapaa, na kenke zikapungua ukubwa. Benki kuu ikapandisha riba ili kuzituliza, na riba hiyohiyo ikazidi kuielemea serikali yenye madeni.

"Mmoja anasonga, mwenzake kaachia sufuria," anasema Mzee Okoe.

Naa Dedei alikuwa ameikopesha serikali sedi elfu ishirini kwa kununua hatifungani. Ilikuwa akiba ya mashine ya kusagia mahindi. Malipo yakasogezwa mbele kwa miaka.

"Nililia hapahapa, mbele ya wateja," anasema. "Mahindi yalikuwa hayanunuliki, na pesa yangu imefungiwa."

Aliyemwokoa ni Seidu, mfanyabiashara wa mahindi wa Techiman. Msimu mzima alimshushia magunia kwa mkopo, bila kumsumbua. "Angegoma, ningefunga. Namshukuru, na sitachoka kumshukuru."

Baadaye serikali ikabana matumizi, benki kuu ikaacha kuichapia pesa, bei zikatulia. Riba ya hatifungani imeanza kuingia, kidogo kidogo. Seidu amelipwa kwanza. Iliyobaki imekuwa malipo ya awali ya mashine, itakayofika mwezi ujao.

Mashine hiyo, Naa Dedei ameshaamua, itaandikwa SEIDU kwa rangi nyekundu. Mwenye jina, aliyeleta magunia asubuhi hii, anashtuka.

"Mama, unaniandika kama marehemu?"

"Marehemu tunawaandika wakiwa hawasomi tena," anamjibu. "Wewe nataka usome."