Kapsuli Nilizomgawia Mtoto wa Kitanda cha Pili

Kosa ni langu. Msinitafutie wa kumlaumu, nimechoka na huruma za watu.

Mtoto wangu alilazwa na nimonia hapa Kigali. Dawa kali zikamharisha mpaka akachubuka. Daktari akamwandikia kapsuli za bakteria wazuri, wale wa kutengeneza tumbo. Siku tatu, kuhara kukakatika! Kwa hiyo msiseme naichukia dawa hiyo. Ilitusaidia.

Kitanda cha pili alilala Divine, miaka minne, ana saratani ya damu. Matibabu yalikuwa yamemmalizia kinga ya mwili, na kifuani alikuwa na mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Naye akaanza kuhara. Sisi warwaza, tunaolala hospitali na wagonjwa wetu, tunagawana kila kitu: sabuni, chumvi, ndoo. Nikagawa na kapsuli.

"Itamfaa kweli?" mama yake akauliza.

"Yewe Mama Divine, si unaona wangu anavyoruka? Ni kama kivuguto tu, maziwa mgando. Usimwambie nesi, huyo anapenda kugomba."

Nikapasua kapsuli mbili, unga nikaumwaga kwenye uji, ndani ya termosi yangu, nikampa mama yake amnyweshe. Vidole vikabaki vyeupe. Plasta ya mrija ilikuwa inabanduka, nikaibandika. Kwa vidole hivyo hivyo! Mjinga mimi!

Siku ya tatu Divine akawaka homa, anatetemeka. Daktari akauliza amepewa nini. Mama yake akaniangalia.

"Uji tu," akasema.

Alikuwa ananifichia siri. Mimi nikawa nakunja nguo za mtoto. Nilikunja nguo siku mbili nzima.

Majibu ya damu yakaja. "Mdudu wa tumboni amefikaje kwenye damu?" daktari akauliza. Ndipo nikasema yote, kapsuli na vidole. Hakunigombeza. Alisema, "Kilichomponya wako kinaweza kumuua huyu." Wakautoa mrija, wakabadilisha dawa.

Divine yuko hai. Lakini matibabu ya saratani yalisimamishwa wiki nyingi, na saratani haikusimama kumngoja.

Siku tuliyoruhusiwa, Mama Divine alinirudishia termosi. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata majani ya chai unaweka. Nikafungua. Imeoshwa, imekauka.

Sikulia. Mpaka leo silii.

Nyie mnaolala na wagonjwa, gawaneni sabuni. Dawa, hata ile mnayoiita chakula, muulizeni nesi kwanza. Na mkikosea, semeni saa hiyo hiyo. Msikunje nguo!